Kapteni Asiye na Jiwe

Aketch alimjua Kapteni Hadley kuliko alivyowajua majirani zake wa Silver Spring, Marekani. Angekosaje? Bi Cheryl Hadley, ajuza aliyekuwa akimhudumia, hakuwa na hadithi nyingine. Kila asubuhi, uji ukimpolea mezani, alimsimulia babu wa babu yake: alivyoingia jeshi la majini la Marekani hajaota ndevu, alivyowinda meli za watumwa pwani ya Afrika Magharibi, alivyopigana Meksiko akarudi akichechemea, na alivyokabidhiwa hatimaye meli yake mwenyewe. Meli hiyo iliondoka Norfolk na mabaharia wake wote, isionekane tena. Wakifika hapo, Aketch hukumbuka ghafla kwamba kuna vyombo vya kuosha.

Maana naye alikuwa na wake aliyemezwa na bahari. Festus, kifungua mimba wake, alikuwa baharia wa meli ya mizigo iliyozama karibu na Madagaska. Mwili haukupatikana. Nyumbani Ugenya walitaka kufanya wanavyofanya Wajaluo: kuzika yago, tunda refu la mti wa mwegea, badala ya mwili wa aliyepotea majini, ili wamlilie na apumzike. Walingoja neno la mama tu. Na mama, kwa kichwa kigumu alichojaliwa, alisema mwanawe si tunda.

"Shemeji, sikulazimishi," Ochieng, mdogo wa marehemu mumewe, alimwambia kwenye simu asubuhi moja. "Lakini boma limekaa vibaya. Mtoto wa Festus anauliza baba yuko wapi, na sisi hatuna pa kumwonyesha."

"Niko kazini, Ochieng. Nitakucall."

Siku hiyo Bi Cheryl alitaka kupelekwa makaburini, kama alivyozoea kila baridi ikiisha. Aketch alikuwa hajawahi kumpeleka. Alikisukuma kiti cha magurudumu hadi kwenye jiwe la afisa mmoja wa majini, bibi akaweka maua. Aketch akalisoma jina. Halikuwa Hadley.

"Huyu ni nani?"

"Simjui," bibi alisema. "Wetu hana jiwe. Mkewe alikataa. Waliokuja kumwombea aliwafukuza mlangoni, akaendelea kulipiga pasi koti la mumewe mpaka akafa. Watoto wakaogopa kuligusa jambo hilo. Basi mimi huazima kaburi la mtu."

Alicheka, na machozi yakamtoka. Aketch alimwona akilini mjukuu wake mwenyewe, mzee tayari, akizunguka na maua akitafuta kaburi la kuazima. Alimchukia yule mjane wa Kapteni. Kisha akatambua ni nani hasa anayemchukia.

Alisogea kando, akampigia Ochieng.

"Zikeni," alisema mwishowe.

"Shemeji, una hakika?"

"Zikeni. Ila mchague yago refu, Ochieng. Mtoto wangu alikuwa mrefu."