Sifuri za Bondeni

Mtaani wananiita Bibi Daftari, na sikatai. Miaka mitatu nimepita nyumba kwa nyumba nikiuliza nani anaharisha, nani ana mimba, nani kazika. Kila mwezi napeleka fomu zahanati, na siku ya kikao cha wakazi pale zahanati ndipo nilipojua kumbe kuna watu wanazisoma.

Daktari alikuwa amebandika ramani ukutani. Kila nyumba yenye mgonjwa wa kuhara aliitia kitone chekundu. Mtaa wa Juu ulijaa vitone. Bondeni kulikuwa kweupe. Akaeleza kwa upole wake kwamba amepatikana muuguzi mmoja na tangi moja la maji safi, hakuna la pili, na saa kumi jioni jina la sehemu itakayopewa liwe limefika wilayani. Takwimu zimeshasema, alisema. Karani akashika kalamu aandike Mtaa wa Juu, na watu wa Juu wakaanza kupongezana.

Ukweli niliujua mimi peke yangu. Bondeni hawakuwa wazima, Bondeni sikwenda. Tangu nigombane na wifi yangu, mjane wa kaka, kwa maneno ya msibani ambayo mpaka leo naona haya kuyarudia, sikukanyaga kule. Kila mwezi nilikaa kwangu nikajaza fomu za nyumba thelathini na moja: wagonjwa sifuri, vifo sifuri. Nilijiambia sifuri haimdhuru mtu. Uongo mtupu, maana maji wanayochota kule yanatiririka kutoka kwenye vyoo vyetu sisi wa Juu. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimeficha ya mtaa mzima.

Nikinyamaza nabaki na kazi yangu. Nikisema naikosa, na majirani wote wananigeuka. Nilipoinuka, fundi cherehani tunayepakana naye ukuta kwa ukuta alinivuta gauni nikae.

"Daktari," nikasema, "zile nyumba nyeupe sikuingia hata moja. Sifuri zile niliziandika nimekaa kwangu."

Fundi akasema nimehongwa. Daktari hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alitazama saa, ilikuwa saba na nusu. Akanipa bunda la fomu mpya.

"Una saa mbili. Ukishindwa, napeleka ramani hii hii. Na kesho daftari utamkabidhi mwingine."

Niliteremka mbio, na umri huu. Mlango wa kwanza ulifungwa usoni pangu. Wa pili vilevile. Wa tatu mwanamke aliniuliza kupitia dirishani kama leo ndiyo nimekumbuka njia, kisha akavuta pazia. Saa nane ilikuwa imeshapita na sikuwa nimejaza hata mstari. Ulibaki mlango mmoja ambao mwenyewe asingeweza kudai kwamba hanijui.

Wifi alikuwa anafua. Hakuinuka. Sikuwa na muda wa kuremba maneno, nikamweleza yote, na sifuri zake pia. Kisha nikauliza kama fomu inavyotaka: tangu mvua zianze, kuna aliyeharisha humu? Kuna aliyefariki?

Alikamua shati taratibu, akalitundika kambani.

"Mjukuu wako," akasema. "Wa binti yangu mdogo. Alikuwa na miezi minane. Siku tunamzika ulipita barabara ya juu, daftari kwapani. Nilikuona."

Nilikaa pale pale topeni. Hata kwamba alizaliwa sikujua. Nililia kwa aibu na kwa uchungu, na wifi hakunibembeleza. Alifuta mikono kwenye kanga, akaziokota fomu zilizonidondoka, akanirudishia.

"Andika kwanza. Halafu simama nikupitishe nyumba kwa nyumba, mimi watanifungulia." Alikuwa ameshaanza kutembea. "Na usidhani nimekusamehe. Nyumba inayofuata wana mtoto anaharisha tangu juzi."