Mkono wa Mzee Malimi

Kijiko kiligonga kikombe cha bati gizani, mara moja, kikanyamaza. Odeta aliinuka mkekani akapapasa kiberiti. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, na jogoo wa jirani ndiyo kwanza alikuwa anajaribu sauti.

Mwanga wa mshumaa ulimkuta baba yake, mzee Malimi, ameunyoosha mkono wa kushoto juu, wima, kiganja wazi. Ndio mkono aliobakiwa nao. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua wa kulia, na ulimi kikaenda nao.

"Haya baba, tusali," Odeta akasema kwa upole, akapiga magoti.

Ndivyo walivyomzoea. Teodora wa jumuiya ndiye aliyesema kwanza, "Mwacheni, mzee anamsifu Mungu wake," na tangu hapo kila mkono ulipopanda, nyumba nzima iliinamisha vichwa. Maji na uji alipewa kwa saa zake, kijiko kwa kijiko, asije akapaliwa. Wakati wa sala mzee aliwatazama mmoja mmoja, mkono ukitetemeka, mpaka ukaanguka wenyewe kama nguo iliyodondoka kambani. Machozi yalipomtoka, akina mama wa jumuiya waliimba zaidi.

Kulipokucha, mzee Obedi aliteremka kutoka Buswelu kuja kumjulia hali.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi huyo mtegaji wa kazi? Zamu zake nilimshikia sana, leo anataka nimshikie na kitanda?"

Yeye na Malimi walikuwa askari wa zimamoto pamoja, enzi za gari moja bovu, kabla ya redio za mkononi. Mgonjwa alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akainua mkono.

Odeta akafanya ishara ya msalaba. Binti yake, Kabula, akafumba macho kama alivyofundishwa.

"Sasa mnafanya nini?" Obedi akauliza.

"Tunasali naye. Akiinua mkono hivyo..."

"Anataka maji!" Obedi alipaza sauti. "Pampu ikinguruma, mwanangu, husikii hata jina lako. Aliye mbele na mpira wa maji akiinua mkono, wa kwenye gari anafungulia maji. Basi. Hakuna sala hapo."

Odeta alisimama na kikombe. Magoti yote yale. Nyimbo zote zile, na mtu ana kiu. Alimnywesha huku maji yakimtiririkia mzee shingoni. "Nisamehe baba. Sikujua. Nisamehe."

Mzee alikunywa, akapumua. Alimtazama binti yake kwa muda, akamtazama na Kabula. Halafu, taratibu, akauleta mkono kichwani akajipigapiga utosini.

Tabasamu la Obedi likazimika. Akageukia dirishani, kwenye mabati na mawe makubwa ya Mabatini, na kipande cha ziwa kilichoonekana kwa mbali.

"Na hiyo?" Odeta akauliza.

Obedi alishika nondo za dirisha.

"Baba mdogo, hiyo nayo ni nini? Kichwa kinamuuma? Nimletee dawa?"

"Kuna ghala la pamba liliungua," Obedi akasema, bado amewapa mgongo. "Sisi tulikuwa ndani. Yeye ndiye aliyeona paa linakuja, akatupigia hiyo. Ukiiona, ujue hapaokoleki tena; unaacha mpira hapo hapo, unatoka. Hubishi, huulizi."

"Sasa mimi nifanye nini?"



Odeta alikaa ukingoni mwa kitanda. Alilikunja shuka, akalikunjua. Akajaza kikombe tena mpaka maji yakamwagika, ingawa hakuna aliyeomba. Mzee aliurudisha mkono utosini, safari hii polepole zaidi, kama anayevaa kofia yake.

Kabula alimwangalia babu. Akaweka kiganja chake kidogo juu ya kichwa chake mwenyewe, akakiacha pale.

"Mama, babu anasema tutoke nje."