Maji ya Chini ya Gereji

Dada yake fundi magari aliingia gereji na ndoo ya maji ya kisima chake, kilichoko chini ya mteremko. Juu ya maji yalielea mafuta.

"Kaka, onja. Magari yako yanapona, wapwa wako wanaharisha."

Fundi akanigeukia mimi, mchimba visima nisiyekaa mji mmoja, niliyeleta pikipiki yangu kutengenezwa. "Mzee, si ardhi inachuja? Na lile shimo la mafuta machafu nililifukia mwaka juzi."

"Haichuji kila kitu. Na huko chini maji hupenya mchangani polepole, yakishuka kuelekea kisima cha dada yako. Haya ni mafuta uliyomwaga zamani."

"Na ya mwaka juzi?"

"Bado yako njiani."

Dada akaitazama ndoo, asijue aimwage wapi.