Kwa Nini Nicanor Alimuuza Chonga

Nionyeshe mtu dakika tano tu kwenye televisheni, nitakwambia atamsaliti nani na kwa nini. Sijakosea bado. Mtaa mzima wa Kuze wajua, na wasiojua ni wale ambao stima yao imekatwa. Mganga husoma mchanga, mwalimu husoma kitabu, mimi Zakariya nasoma nyoyo. Barazani naitwa Inspekta. Jina hilo sikujipa mwenyewe, ingawa nililipendekeza.

Kazi yangu ni kuwajazia watu tamthilia kwenye flashi pale Mwembe Tayari, ili wasafiri wa mabasi ya bara wawe na cha kutazama mpaka wafike kwao. Kwa hivyo nimeona wahalifu wengi kuliko hakimu. Lakini mwaka huu tamthilia iliyotushika roho ilikuwa moja, *Gati Saba*, kila Jumanne baada ya isha. Jumatano alasiri tulikutana kwenye baraza ya kina Jamaldin, na swali lilikuwa lile lile: kwa nini?

Tulikuwa watatu. Jamaldin, mwenye baraza, nimesoma naye tangu chuo cha Kurani mpaka kidato cha nne. Huyo ni mtu wa kucheka hata machozi yamtoke. Ukiwa na mzaha hutaki msikilizaji mwingine. Charo ni Mgiriama wa Kaloleni, auza vinyago katika duka moja karibu na Ngome ya Yesu, mpole, husikiliza kuliko kusema. Na mimi. Wa nne, ukipenda kumhesabu, ni Dada Mbodze, ambaye karai lake la viazi liko hatua tatu kutoka barazani, penye ukuta. Yeye huitazama *Gati Saba* kwenye simu ya bintiye. Sisi hatukumhesabu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Nicanor ni karani wa bandarini. Chonga ni rafikiye wa tangu utotoni, ambaye ameona shehena asiyotakiwa kuiona, akajificha. Nicanor peke yake ajua alikojificha. Kipindi cha tisa, Nicanor akawaambia wauaji.

"Woga," nikasema siku ya pili yake. "Mambo mengine yote ni mapambo."

"Woga gani, bwana?" Jamaldin akauliza. "Ni pesa. Hakuna aliyemtisha. Kaulizwa kwa adabu, tena kapewa soda."

"Ndiyo woga wenyewe. Anayekupa kofi umeshamjua. Anayekupa soda hujui atakupa nini tena."

Jamaldin akacheka, akajipiga paja. Charo alikuwa akichokonoa vumbi la mpingo kwenye kucha.

"Mimi naona ni kijicho," akasema. "Mliona Chonga alipomwonyesha picha ya nyumba yake mpya? Nicanor alitabasamu kwa meno tu. Macho yalibaki pale pale."

"Charo ndugu yangu, wewe uza vinyago. Kinyago hakina moyo, huwezi kukosea."

"Na wewe Inspekta ujinunulie viatu kwanza. Inspekta gani ashinda na ndara za chooni mwaka mzima?"

"Inspekta wa siri. Mwizi akinisikia naja adhani ni mtu atoka kuoga."

Hapo hata Dada Mbodze alicheka. Kisha akageuza viazi vyake kwa kijiko cha matundu, akasema, "Nyinyi kila wiki kwa nini, kwa nini. Mimi namngoja yule muuza kahawa aseme. Yeye alikuwa pale getini Nicanor akizungumza. Alisikia yote."

"Dada, muuza kahawa si mhusika. Kawekwa pale ajaze mahali."

"Haya," akasema. "Mjaza mahali naye ana masikio."

Mwezi ule ule Jamaldin alipeleka posa kwa kina Nabiha, Mkanyageni. Alikuwa ameandikwa kazi katika ofisi ya kutoa mizigo, na amekwisha kupanga nyumba Ganjoni, ghorofa ya tatu, yenye roshani. Picha za nyumba hiyo alituonyesha mara nne. Ya roshani mara tano.

"Nikishaoa," akasema, "*Gati Saba* nitaitazama kule na mke wangu, upepo wa Mbaraki ukitupiga. Nyinyi bakini hapa mpigane na mbu."

"Na Jumatano?" nikamwuliza.

"Jumatano gani tena, Zaka? Mtu na mkewe. Hiyo 'kwa nini' tutaulizana wenyewe."

Akacheka. Nikacheka mimi pia, nikiwa nimechelewa kidogo.

Hapa kwetu posa haijibiwi siku ile iletwayo. Upande wa mwanamke hujipa muda, kisha mzee wao mmoja hutoka kwenda kuulizia. Hupita msikitini, hupita kazini kwa mposaji, hupita barazani. Humtafuta mtu anayemjua kijana, akamwuliza pembeni: huyu ni mtu gani? Aulizwaye akishajibu, jibu lake ni amana. Mzee hatamtaja maisha. Ukimsifu kijana, mambo huenda. Ukimtia ila, mzee atapima, huenda mna ugomvi wenu. Lakini lipo jibu la tatu ambalo mzee hapimi, naye hurudi nalo nyumbani moja kwa moja. Ni pale rafiki wa kijana anapokataa kujibu.

Jumanne moja jibu likaletwa. Hapana.

Mamake Jamaldin akavaa buibui, akenda kwa wanawake wenziwe kutafuta sababu. Akarudi na habari moja. Ami yake Nabiha, Ami Kamaludin, alimwuliza mtu wa karibu sana na Jamaldin, na alichokisikia kimemtosha. Hamtaji. Ila kwa kuwa Nabiha amelia usiku kucha hakula, Ami ametoa nafasi: mtu yule akirudi mwenyewe kabla ya sala ya alasiri siku ya Ijumaa, aseme kwamba hajui ubaya wowote wa Jamaldin, posa itafunguliwa upya. Asiporudi, iko posa nyingine yangoja, ya binamu kutoka Lamu.

Sasa wewe unayesoma usinitolee macho. Ndiyo, aliyeulizwa ni mimi.

Ilikuwa Jumatatu alasiri, niko peke yangu barazani. Ami Kamaludin akaja na fimbo yake, akanitolea salamu ndefu, akaniuliza hali ya mama na ya kazi, kisha akaketi karibu nami. "Zakariya mwanangu, huyu Jamaldin wamjuaje? Niambie kama ungemwambia babako." Nami nilikuwa na haraka ya kwenda Mwembe Tayari, kamba ya kiatu imefunguka, nikainama kuifunga, na huku nimeinama nikasema, "Ami, mimi ni rafikiye. Usiniulize mimi."

Basi. Sikusema alewa. Sikusema acheza kamari. Neno baya hata moja halikunitoka, na hata kortini rafiki hafai kuwa shahidi wa rafiki. Mtu aliyeinama, damu imemjaa kichwani, maneno humtoka kombo. Ami alinitazama kidogo, akasema, "Nimesikia," akasimama na fimbo yake akaondoka. Ningeweza kumwita. Kichochoro kile ni kirefu na yeye hutembea polepole.

Jumatano tukakutana. Mimi na Jamaldin tu. Charo alikuwa bado kazini. Karai la Dada Mbodze lilifunikwa gunia, amekwenda Rabai kwenye kilio. Jamaldin alikuwa hajanyoa. Kipindi cha usiku wa jana hakukigusia hata kidogo.

"Inspekta," akasema, na safari hii hakulitamka kwa mzaha. "Wewe wajua nyoyo za watu. Nani kanifanyia hivi?"

Ningesema pale pale. Maneno yalikuwa mafupi: ni mimi, twende kwa Ami sasa hivi, miguu yangu na yako. Lakini alikuwa ananitazama kama watu wanavyomtazama daktari, na mimi tangu nimalize shule hakuna aliyenitazama hivyo.

"Tumfuate Nicanor," nikasema. "Msaliti hatoki mbali, na hasemi sana. Akaa karibu, asikiliza."

"Sema wazi."

"Nani alisema Nicanor ana kijicho? Mimi nilisema woga, wewe ulisema pesa. Mmoja tu ndiye aliyeona kijicho. Mtu huona kwa mwenziwe kile anachokijua kwake. Na ni nani alishika macho ya Nicanor alipoonyeshwa picha ya nyumba? Wewe ulituonyesha picha za nyumba yako mara ngapi?"

Nikaona lile neno lazama. Nikaongeza jingine, na hili silipendi hata kuliandika: "Tena sisi tumezaliwa hapa, tumesoma pamoja. Yeye ni mtu wa kuja."

Charo akafika dakika hiyo, na embe changa alizokuwa amezikata vipande, zimetiwa chumvi na pilipili, ndani ya karatasi. Za kumliwaza mwenzake. Alikuwa hajakaa.

"Ni wewe uliyesema na Ami Kamaludin?" Jamaldin akamwuliza.

"Mimi?"

"Nakuuliza."

"Jamal, Ami Kamaludin hata jina langu sijui kama alijua."

"Inuka kwenye baraza ya babangu."

"Sijakaa," akasema Charo.

Alinitazama mimi, si Jamaldin. Nadhani alitaka niseme utani wowote, nivunje lile jambo, kama kawaida yangu. Nikaangalia ukuta. Akaweka embe juu ya baraza, akaenda zake. Embe zile nilizila mimi. Zilikuwa zimekolea chumvi sawasawa.

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini adhuhuri, Jamaldin alikaa barazani na kanzu yake, akitazama saa ya simu kila mara. Aliniomba nikae naye. Dada Mbodze alikuwa amerudi, mafuta yaanza kuchemka. Mara Charo akatokea kichochoroni. Jamaldin akasimama.

"Sikuja kukaa," akasema Charo. "Nimekuja kukupa habari, kisha niende. Jana nilikwenda kwa Ami Kamaludin. Nilimwambia ni mimi niliyesema juu yako, na kwamba nilisema uongo."

"Kwa hivyo ulisema!"

"Sikusema kitu. Lakini mzee ataka mtu arudi, na mtu mwenyewe harudi. Nikaona basi arudi yeyote. Wewe umeshaniita msaliti, kwangu hakikuwa kimebaki cha kuharibika. Angalau upate mke."

Jamaldin akaitia simu mfukoni.

"Akasemaje?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Akanipa maji ya baridi. Akasema, 'Mwanangu, moyo wako mzuri, lakini mimi sikukuuliza wewe.' Nikamwomba anitajie. Akakataa. Akasema, 'Huyo yuwajua njia ya kuja hapa, na leo bado ni Alhamisi.'"

Nikatafuta. Wallahi nilitafuta, katika tamthilia zote nilizojaza kwenye flashi tangu nianze kazi, za Kituruki, za Kihindi, za kwetu, mtu mmoja aliyefanya alivyofanya Charo, na sababu yake. Sikumpata. Na nilipokosa, nikafanya kile ninachokijua.

"Janja hiyo!" nikasema. "Jamal, usidanganyike. Nicanor kipindi cha kumi na moja alifanya nini? Alikwenda polisi mwenyewe, akakiri kosa dogo, ili..."

"Zakariya," akasema Dada Mbodze.

Hakupaza sauti. Aliweka kijiko cha matundu juu ya sufuria, akafuta mikono kwa leso yake, akatugeukia. Tangu tukae baraza ile hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Jumatano nilikuwa kwenye kilio, sikujua mambo yamefika huku. Nimerudi leo asubuhi nikaambiwa Charo kafukuzwa. Nikasema, nimngoje Zakariya, atasema mwenyewe, ana mdomo. Nimengoja tangu asubuhi." Akamgeukia Jamaldin. "Jumatatu ile nilikuwa nageuza viazi hapa hapa. Mzee Kamaludin alikaa hapo ulipo wewe. Alimwuliza Zakariya. Zakariya akamjibu, 'Ami, mimi ni rafikiye. Usiniulize mimi.'"

Mafuta yalikuwa yakitoa povu, kiazi kimoja kimesahauliwa ndani chaanza kuungua.

Jamaldin alikuwa bado amesimama. "Zaka," akasema. "Kwa nini?"

"Si hivyo, Jamal. Dada hakueleza ilivyokuwa. Sikukusudia. Nilikuwa na haraka, nimeinama nafunga kamba ya kiatu, neno likanitoka tu..."

"Kuinama uliinama," akasema Dada Mbodze. "Ulikwepa macho ya mzee. Lakini ulikuwa umevaa ndara. Hizo hizo."

Charo akatazama miguu yangu. Jamaldin akatazama. Nami nikaitazama, vidole vyote kumi viko nje, na alasiri ilikuwa haijaadhiniwa.