Mume Niliyemwazima Profesa

Mimi Arlys Tjaden ndiye niliyemtoa mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, tena mbele ya watu themanini. Kwa hiyo asije mtu akaniambia eti nilionewa.

Hapa Iowa, mchujo wa urais hatufichi kura ndani ya sanduku. Jioni moja ya Februari, theluji imefika magotini, tunajazana kwenye ukumbi wa mpira wa shule, na kila mtu anakwenda kusimama kwenye kona ya mgombea wake, majirani wote wakimtumbulia macho. Siku ile tulikuwa themanini, na kona isiyofikisha watu kumi na wawili inakufa. Watu wake wahamie kwingine au wakalale. Kona ya Seneta Halvorsen ilikuwa yangu. Tangu Septemba nilimpigia simu kila mwenye sikio wilayani. Seneta mwenyewe alikaa jikoni kwangu, akala pai yangu, akanishika mkono: "Arlys, nakutegemea wewe." Basi nilitaka jambo moja tu, kona yangu isife. Kwa miaka thelathini na miwili kona ya Arlys Tjaden ilikuwa haijawahi kufa.

Mwenyekiti alikuwa Galen Hruska, daktari wetu wa mifugo. Alihesabu kwa kutugusa mabega, kama anavyohesabu ndama. Gavana Stroud, hamsini na sita. Seneta wangu, kumi na tatu. Profesa Ambler, ambaye nusu ya ukumbi haikumjua hata sura, kumi na mmoja.

"Nusu saa ya kuhamahama!" Galen akatangaza. "Na keki zile mezani ziishe, sitaki kurudi nazo nyumbani."

Darcy, mwalimu aliyesimamia kona ya Profesa, akanijia mbio. "Bi Arlys, nakufa kwa mtu mmoja! Nikifa, watu wangu wote wanaingia kwa Gavana."

Nikapiga hesabu. Profesa akibaki hai, Gavana anapoteza mmoja wa wajumbe wanaogawiwa kona zilizobaki hai, na mimi nina mtu mmoja wa ziada. Kuazimana watu ni ujanja wetu wa siku zote, tunacheza hivyo tangu enzi za mama yangu.

"Nakuazima mmoja," nikamwambia. "Nakuazima, sikupi. Umenisikia?"

Sasa nimtoe nani? Mtu mwepesi ukimwazima, harudi. Nikageuka nikamwona Verlin, mume wangu, amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa. Verlin ukimweka mahali Jumatatu utamkuta hapohapo Ijumaa.

"Verlin, nenda kwa Darcy."

Akaenda, tena haraka, mpaka akasahau kahawa yake kwenye benchi. Ningekuwa na akili hilo ningeliona.

Haikupita muda, mke wa Orville Beck akaingia na mabuti yenye samadi. "Orville, twende! Ng'ombe anazaa na ndama amekaa vibaya!"

Orville alikuwa mtu wangu. "Dakika ishirini tu, Orville, nakuomba!"

"Kamwambie ndama, Arlys," akanijibu huku anavaa koti.

"Galen, si wewe ndiye daktari? Nenda wewe!"

"Mimi mwenyekiti leo. Nikitoka, mkutano umevunjika."

Nikabaki na kumi na mmoja. Nikaenda kona ya Gavana, nikabembeleza, nikaahidi pai. Wakanicheka. Basi nikasimama katikati ya uwanja nikaita, bila hata wasiwasi, "Verlin! Haya, rudi!"

Hakusogea.

"Verlin, hunisikii?"

"Nakusikia, Arlys. Sirudi."

Mtu mmoja akaguna, "Makubwa!"

Galen akakohoa. "Sheria inampa dakika moja ya kusema, akitaka."

Mume wangu, ambaye hata kanisani haombi kwa sauti, akavua kofia.

"Miaka yote hii nasimama mke wangu anaponiweka. Simlaumu, mimi mwenyewe sikusema. Lakini Oktoba, tulipouza ng'ombe wote, nilikaa zizini asubuhi tatu na bunduki ya baba mapajani. Siku ya nne nikaenda duka la mbegu, nikamkuta huyu Profesa anahutubia watu wanne. Akaacha hotuba akaniuliza, mzee, wewe hujambo kweli? Nikamwambia. Tulikaa juu ya magunia saa nzima. Sera zake sizijui. Nasimama hapa."

Yesu wangu! Zizi letu liko hatua arobaini kutoka jikoni kwangu. Asubuhi zile tatu nilikuwa jikoni na simu sikioni, nampigia mtu wa kwanza, wa pili, wa ishirini, na kila mmoja nilianza kwa kumuuliza, umeamkaje? Wilaya nzima niliiuliza.

"Seneta Halvorsen, kumi na mmoja," Galen akasema polepole. "Kona imekufa." Hakuna aliyecheka. Watu wangu wakatawanyika, wengine kwa Gavana, wengine nyumbani.

Nikachukua kile kikombe kwenye benchi, kahawa imeshapoa, nikavuka uwanja, nikamkabidhi Verlin. Nikasimama ubavuni mwake. Galen akaja kuhesabu upya, akanigusa bega. "Kumi na tatu," akasema.

Profesa alijitoa baada ya siku tisa. Seneta hakufika hata majira ya joto. Novemba, tulipopiga kura ya siri, jina la hata mmoja wao halikuwemo kwenye karatasi, na Verlin alimchagua nani sijui. Bunduki iko kwa Galen. Simu yangu bado iko palepale ukutani, lakini kabla sijaigusa namuuliza mume wangu ameamkaje, na nasubiri mpaka anijibu.