Mwanamke Asiyebeba Kitu

Huku kwetu, upande wa Tinde, mwanamke hatembei mikono mitupu. Akionekana barabarani, kichwani pana ndoo, au mgongoni pana mtoto, au begani pana jembe. Kwa hiyo asubuhi ile Bernadina alipotoka nyumbani kwake bila chochote, akapita mbele ya kisima, akafika hadi barabara kuu kwa mwendo wa taratibu, kisha akageuka na kurudi alikotoka bila kununua wala kuchota kitu, wanawake waliokuwa kisimani waliacha kuvuta kamba.

"Mama Loveness, kwema? Umesahau nini huko?" aliuliza Martina, mwenyekiti wa kikundi cha misiba.

"Sijasahau kitu, Mama Noela. Ninatembea tu."

"Unatembea tu?"

"Ni dawa ya mgongo."

Kicheko kilizuka kisimani. "Jamani, tumepata mkaguzi wa barabara!" alisema mmoja wao. "Mama, ukiona shimo utuambie!"

Bernadina alicheka pamoja nao, kwa kuwa kutocheka kungekuwa kiburi, akaendelea na safari yake isiyokuwa na mwisho wala faida kwa macho ya watu.

Maumivu yenyewe hayakuonekana, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Yalianzia kiunoni, yakazama ndani ya tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja hadi kwenye shavu la mguu, kama waya uliotiwa motoni ukapitishwa katikati ya nyama. Akipiga chafya, alilazimika kushika ukuta. Akikaa chini, kuinuka kulikuwa kazi ya kupangwa. Lakini hakuwa na uvimbe, hakuwa na kidonda, hakuwa na bandeji. Mtu aliyemtazama aliona mwanamke mnene kiasi, mwenye afya, anayeomba kigoda wakati wenzake wameketi mkekani.

Mgongo huo aliuanzia Segese, kwenye machimbo ya dhahabu, alipoishi miaka mingi na mumewe Maige. Wanaume waliteremka duarani, yaani ndani ya shimo la machimbo, ambako mwanamke haruhusiwi kutia mguu, na yeye pamoja na wenzake waliketi juu juani, miguu wameinyoosha, wakiyaponda mawe kwa nyundo kabla hayajapelekwa kusagwa. Mama mkwe wake alipoanza kuugua, Maige alibaki machimboni, na Bernadina akarudi kijijini kumuuguza. Siku moja, alipokuwa akimnyanyua mgonjwa kutoka kitandani, alihisi kitu kimeachia kiunoni. Tangu siku hiyo mguu wa kushoto haukuwa wake.

Alichanjwa chale. Alilalia tofali lililopashwa moto na kuviringishwa khanga. Alimeza vidonge vya duka la dawa hadi tumbo likamchoma. Hatimaye alipanda gari hadi hospitali moja mjini Shinyanga, na huko akakutana na Nelly, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye alimlaza, akauinua mguu wake polepole, akamwuliza maumivu yanafika wapi. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo.

"Mshipa wa fahamu unabanwa pale unapotoka kwenye uti wa mgongo," alisema Nelly. "Wengi hupona, mama, wakivumilia. Usilale kutwa. Tembea kila asubuhi, mahali tambarare, bila mzigo. Ndoo kichwani acha kabisa kwa sasa. Maumivu yakianza kupanda, yakatoka kwenye shavu la mguu yakarudi pajani, usiogope, hiyo ndiyo dalili ya kupona. Lakini ukiona wayo hauinuki, usingoje. Njoo siku hiyo hiyo."

Bernadina aliyafuata yote. Usiku alilala ubavu, khanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Asubuhi alitembea. Na kweli, baada ya wiki kadhaa, ule waya wa moto ulianza kupanda: ukaliacha shavu la mguu, ukaliacha goti, ukabaki pajani. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kilichopita, aliweza kupiga chafya bila kutafuta ukuta.

Aliyekuwa akipona alionekana kwa wenzake kuwa hajawahi kuugua.

Kwani kijiji kina sheria yake. Msiba ukitokea, kila nyumba humtoa mwanamke mmoja, naye hufika kila siku ya matanga akiwa na ndoo ya maji kichwani. Hatumi mtu, hatoi kitu kingine badala yake. Asiyefanya hivyo hutengwa: hasalimiwi, haazimwi kinu, na kifo kikiingia kwake, hakuna jembe litakalochimba kaburi. Katika misiba miwili iliyopita Bernadina alipeleka unga badala ya maji. Unga ulipokelewa, ukapikwa, ukaliwa, kisha ukahesabiwa kuwa si kitu.

Hayo yote angeweza kuyabeba kama angekuwa peke yake. Lakini ndani ya nyumba yake alilala Ng'wana Ngusa, mama mkwe wake, ambaye sasa hakula ila uji mwembamba, na ambaye hofu yake haikuwa kufa.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema bibi huyo jioni moja, kwa sauti iliyobaki kama pumzi, "nasikia wanakusema."

"Maneno tu, mayu, mama yangu."

"Usinifukie na watu wawili kama ng'ombe wa kimeta. Nimewazika wote hapa. Nimebeba maji hadi utosi ukaota upara. Nataka watu."

"Watakuja, mayu."

"Niahidi."

Bernadina aliahidi.

Jumapili iliyofuata aliitwa uani kwa Martina. Wanawake walikuwa wameketi mkekani. Yeye alibaki amesimama, na hata kusimama huko kulihesabiwa dhidi yake.

"Mama Loveness," alianza Martina, bila ukali, "sisi si watu wabaya. Umesema huwezi kubeba ndoo, tukanyamaza. Sasa kila siku tunakuona barabarani, huna hata kijiti. Miguu ya kutembea ipo, ya msiba haipo?"

"Mtaalamu wa hospitali ndiye aliyeniagiza kutembea. Kutembea kunauachia mshipa, mzigo unaubana."

"Ndugu yangu, kama kuna ugonjwa unaomtuma mtu matembezi, naomba uniambukize na mimi."

Walicheka. Hata Suzana, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye alijua jinsi Bernadina alivyokuwa akilia chooni, alicheka akiwa ameinamisha uso.

"Maige aliporudi na mgongo mwaka jana," alisema Bernadina, "mlimletea maziwa. Waume zenu walimlimia shamba. Hakuna aliyemwambia aonyeshe kidonda."

"Ule ulikuwa mgongo wa duara, mayu," alijibu Martina kwa mshangao wa kweli, kana kwamba anamfundisha mtoto. "Mwanamume ameingia chini ya ardhi. Wewe umeinama tu, kama sisi sote."

Hakuna aliyetaka kuuliza ni wangapi kati ya hao wote walikuwa wakimeza vidonge kwa siri. Uamuzi ulitolewa kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi: msiba unaofuata, Mama Loveness abebe maji, ama nyumba yake ihesabiwe imejitoa.

Msiba haukukawia. Mzee Mabula alifariki kabla mtama haujavunwa. Usiku huo Bernadina hakulala. Alifikiria kumwita binti yake Loveness kutoka Kahama alikoolewa, lakini sheria ilitaka mwanamke wa nyumba hiyo, naye Loveness alikuwa wa nyumba nyingine sasa. Alifikiria kurudi kwa Nelly, lakini Nelly angesema lile lile alilokwisha kulisema. Kulipopambazuka alimnywesha mama mkwe wake uji, akakunja kata ya khanga, akaenda kisimani.

Walimtwisha ndoo. "Wabeja, mayu! Asante!" walisema, na furaha yao haikuwa ya unafiki, walifurahi kumpata mwenzao. Alitembea katikati yao, shingo imenyooka, akitabasamu. Siku ya kwanza waya ulirudi gotini. Siku ya pili ukafika kisiginoni. Siku ya tatu, alipokuwa akivuka kizingiti cha ua wa marehemu, kitu kilimlipuka kiunoni, mguu ukamponyoka, akaanguka pamoja na maji yake mbele ya wafiwa wote.

Alipoinuliwa, maumivu ya mguu yalikuwa yamepungua. Alishukuru kwa dakika chache, hadi alipojaribu kutembea. Wayo wa kushoto haukuinuka. Vidole viliburuta, vikachora mstari mavumbini.

"Yesu wangu," alisema Martina. "Kumbe ni kweli."

Kuanzia saa hiyo hakukosa kitu. Walimbeba, wakamkanda, wakamletea maziwa na kuku. Kila aliyeingia aliutazama ule mguu, akatikisa kichwa, akaamini. Gari lilipatikana siku ya nne tangu aanguke, baada ya matanga kwisha, kwa sababu mtu haondoki msibani katikati. Nelly aliushika wayo wake, akamwambia aukunje kuelekea juu, akangoja. Kisha akauliza tena ulianza lini.

"Tutafanya mazoezi," alisema. "Sehemu fulani yaweza kurudi. Sitakudanganya kwamba yote itarudi."

"Na kama ningekuja siku ile ile?"

Nelly aliinama kando ya mguu wake. Alimfunga kifaa cha kuushikilia wayo, akamfundisha kutumia fimbo.

Ng'wana Ngusa aliaga dunia mwanzoni mwa masika. Na watu walikuja. Ua ulijaa hadi ng'ombe wakatolewa zizini. Maige alirudi kutoka Segese, akaketi na wanaume. Vijana walipokezana majembe kaburini, na wanawake walileta maji mengi kuliko mapipa yaliyokuwepo. Bernadina aliwekwa chumbani, juu ya godoro, mguu umeegemezwa mto, kama mgeni wa heshima. Martina mwenyewe aliketi kando yake, akipokea ndoo.

"Umeona watu walivyojaa?" alisema. "Kikundi kimekusamehe maji, Mama Loveness. Maisha yako yote. Mgonjwa ni mgonjwa."

Mlango ukatiwa giza. Suzana aliingia, akatua ndoo yake, akabaki ameshika kiuno. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Mama Noela, nisamehe. Mguu huu unaniwaka tangu juzi, kutoka hapa kwenye tako mpaka kisigino. Naomba nikae kwenye kuchambua mchele, wenzangu waendelee na maji."

Martina alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mguu gani? Huo huo ulioingia nao hapa?"

"Unaingia, lakini..."

"Suzana! Wewe mzima kama ng'ombe wa plau." Kisha akamgeukia Bernadina, akitabasamu, kama mtu anayemwachia mwenye mali neno la mwisho. "Si unaona, Mama Loveness? Wamekuona wewe, sasa kila mtu ana mgongo. Mwambie mwenyewe, ugonjwa si huu."

Suzana naye alimtazama. Macho yake yalikuwa yakiomba.

Nje, majembe yaligonga ardhi ngumu. Kaburi lilikuwa bado halijafika kifuani, mwili ulikuwa bado ndani, umefunikwa shuka jeupe, na Martina, ambaye angeweza kusimama na kuondoka na ua mzima nyuma yake, alikuwa ameketi hapo hapo, akingoja jibu.

"Naona," alisema Bernadina.

Suzana aliiacha ndoo iliyojaa, akachukua nyingine tupu, akatoka kwenda kisimani.