Mkono Kwenye Mshipa Mkuu

Fundi makochi alikuwa amelala kifudifudi juu ya kochi la mteja, akingoja kiuno kimwachie, binti yake alipoingia na kusema leo ni leo, wanakwenda hospitali. Miezi mizima homa za jioni zilikuwa zikimpanda na kushuka, na suruali zote zilikwisha kumpwaya.

Daktari aliitazama picha ya mashine bila haraka. Akasema mshipa mkuu wa damu, ule unaoshuka kutoka moyoni, umevimba pembezoni, na kilichouvimbisha ni mkono. Mkono wa kushoto, wa mwanamke. Umeushika mshipa barabara na sasa unabana mirija ya figo. Ni ugonjwa wa nadra, lakini dawa yake ipo.

"Kidole gumba kina kovu?" fundi aliuliza.

"Kinalo."

"Basi ni mke wangu."

Daktari akamwandikia steroidi, dawa ya kushusha uvimbe: vidonge kila asubuhi baada ya kula, na asithubutu kuviacha ghafla.

Mkewe alikuwa amefia hospitali hiyohiyo, kwenye benchi la koridoni, baada ya karani kuwaambia wasubiri. Fundi alikuwa ameuachia mkono wake kidogo tu, akatafute mtu wa kumtazama. Aliporudi, ulikwisha poa.

Vidonge vilifanya kazi. Uso ulimjaa ukawa mviringo, binti akamtania kwamba amerudi kuwa mtoto mchanga. Njaa nayo ilimshika hata akawa anakomba masufuria. Homa ikakatika. Kila kidole cha ule mkono kilipolegea alikisikia, akaweka chini sindano yake ya kushonea makochi.

"Taratibu, mama watoto," alisema. "Siendi popote."

Picha ya pili ilionyesha mkono umefunguka, umejilaza tu juu ya mshipa, kama wa mtu aliyepitiwa na usingizi. Fundi akauliza kama ni lazima uondoke kabisa. Daktari akafikiri, akasema hapana, maadamu haubani kitu. Dozi wataipunguza kidogokidogo.

Walipotoka, mwanamke mmoja alikuwa ameegemea ukuta koridoni, anahema kwa shida. Mumewe alikuwa kwenye dirisha la mapokezi, na karani alikuwa anamwambia asubiri. Fundi akampa binti yake bahasha ya picha, akaketi, akaushika mkono wa yule mama. Binti naye akaketi. Walikaa hivyo mpaka taa za koridoni zikawashwa, na hakuna daktari wala muuguzi aliyekuja.